Mfundishe Kwanza Kusimama: Namna ya Kuwafunza Ngoma Watoto wa Chekechea

Mtoto wa Lamu hufika chekechea akiwa tayari anajua kucheza. Amebebwa kiunoni na mamake katika arusi, amesikia vugo, pembe ya kugongwa, likipigwa na wanawake, ameona wazee wakicheza goma siku za Maulidi nje ya Msikiti wa Riyadha, na akisikia dibe linagongwa barazani magoti yake huanza kukunjuka yenyewe. Mwalimu anayemwonyesha mtoto huyo hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu anampa kitu ambacho hajakikosa. Anachokosa mtoto wa umri huu, na ambacho kwa maoni yangu ndicho mlango wa mafunzo yote ya ngoma, ni uwezo wa kusimama pale ngoma inaponyamaza.

Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa watoto wa miaka 3 hadi 5. Niliuanza katika chumba kimoja cha mtaa wa Langoni mjini Lamu, nikaurekebisha nilipofundisha misimu miwili karibu na Malindi. Hauhitaji kioo cha ukutani, wala spika, wala sare. Unahitaji ngoma moja ndogo ya kupigwa kwa viganja, sakafu safi, mtu mzima wa pili wa kusaidia, na watoto wasiozidi 15. Wakizidi hapo, wagawe makundi mawili, kwa kuwa mwalimu asiyeweza kuiona miguu yote kwa mtazamo mmoja hawezi kuizuia isigongane.

Wazazi, mahali na saa

Anza na wazazi kabla hujagusa ngoma. Katika miji yetu ziko familia zinazofurahi mtoto wao akicheza ngoma za nyumbani, na ziko zinazoona kuwa muziki haufai, na zote zinastahili heshima ile ile. Keti nao, uwaeleze wazi chombo utakachotumia, maneno utakayoimba, na kama wavulana na wasichana watakuwa pamoja. Mara nyingi nimeambiwa, “Mwalimu, makofi na ngoma hatuna neno, lakini nyimbo za redio hatuzitaki,” na makubaliano ya namna hiyo hayapunguzi chochote katika darasa la watoto wadogo. Mzazi akikataa kabisa, mtoto wake apewe kazi nyingine ya maana saa hiyo, asiachwe mlangoni akiwatazama wenzake. Mwezi wa Ramadhani mimi huiweka ngoma kando na kubaki na makofi na michezo ya mwendo. Omba pia idhini ya picha mapema na kwa maandishi, na anayekataa asipigwe picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa.

Mahali pazuri kuliko pote ni kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe, kwa kuwa kina kivuli, kina upepo, na kina kuta zinazomwonyesha mtoto mwisho wa uwanja wake. Chumba cha darasa kinafaa pia, ilimradi madawati yaondolewe na kila mtoto aweze kunyoosha mikono yote miwili bila kumgusa mwenzake. Fagia mwenyewe kisha upapase sakafu kwa kiganja, kwa sababu ufagio hupita juu ya kichwa cha msumari ambacho kisigino cha mtoto hakitakikosa. Wacheze miguu mitupu. Usiwatandikie mkeka wa kuchezea, kwani juu ya saruji iliyosuguliwa mkeka huteleza na mtoto huanguka kwa kisogo. Mkeka uwe wa kulala mwishoni. Ufuo nao ni mzuri maji yakiwa yametoka na mchanga ukiwa mgumu, lakini siku za bamvua maji hurudi kwa kasi na kuja mbali, kwa hiyo ulizia saa za maji kwa mvuvi kabla ya kuwatoa watoto, na mchanga laini uuepuke kwa sababu huwachosha miguu kabla hawajajifunza lolote.

Saa ya kufaa ni asubuhi, kati ya saa mbili na nusu na saa nne. Kuanzia Januari hadi Machi joto huwa kali mno kuvuka hapo, na alasiri watoto wengi wana chuo cha Kurani. Kipindi kisizidi dakika 25 au 30. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kumtoa jasho. Darasa la ngoma ni sehemu tu ya mgawo huo, nao uliobaki watoto wataumaliza wenyewe uani na kichochoroni.

Ngoma inaponyamaza

Siku ya kwanza usiseme neno lolote kuhusu kucheza. Keti sakafuni pamoja na watoto kwa mduara, ngoma ikiwa mbele yako, nao wakupigie makofi. Piga mapigo manane ya wastani, kisha tandaza kiganja juu ya ngozi na unyamaze. Baadhi yao watasimama kwa kuuona mkono wako, baadhi wataendelea kupiga makofi na kucheka. Usikemee wala usiseme “shh”. Subiri, uso wako ukiwa mtulivu, mpaka chumba kizima kitulie, hata kama nusu dakika itapita, ndipo uanze tena. Kwa kawaida katika mara ya tano au ya sita utaona jambo ambalo mimi silichoki kulitazama mpaka leo: mikono ya watoto inabaki hewani, vidole vimetanuka, macho yameacha kukutazama, na wote wanasikiliza.

Mkiwa mmefika hapo, wasimamishe na uwape kazi ile ile kwa miguu, kila mmoja akikanyaga papo hapo. Baada ya siku mbili tatu waachie watembee chumba kizima, kila mtu kwa njia yake, na ngoma ikinyamaza wasimame walipo. Hapo tena ongeza umbo: wakisimama wawe mnazi, au jahazi lililotia nanga, au korongo wa mguu mmoja kwa wale wanaoweza. Badilisha urefu wa mapigo na urefu wa ukimya ili wasije wakahesabu badala ya kusikiliza. Hatua ya mwisho, ambayo huifikia karibu na wiki ya nne, ni kumkabidhi ngoma mtoto mmoja awasimamishe wenzake pamoja na mwalimu.

Nyanya mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka 4 akaniambia, “Mwanangu, huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.” Naye alisema kweli. Kwa wiki tatu mtoto yule alikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, ngoma ilie isilie, na mara mbili aliwaangusha wenzake. Wiki ya nne nilimwita, nikamkalisha mbele ya ngoma, nikamwambia, “Leo sisi sote tunakusikiliza wewe.” Akapiga kwa nguvu, watoto wakaanza kutembea, akaushusha mkono juu ya ngozi, watoto wote wakasimama. Hakuuondoa mkono. Aliukandamiza pale mpaka kucha zikabadilika rangi, akiwa amezuia pumzi, akituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba anayoijua. Alipocheza tena alisimama pamoja na wengine, na tangu siku hiyo sikuhitaji kumshika mkono.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu kusimama kunakusanya yote ambayo ngoma inadai. Mtoto anayesimama kwa wakati ameshasikia pigo la mwisho, ameutawala uzito wa mwili wake, na ameacha nafasi kati yake na jirani. Mwalimu wa muziki Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha mjini Geneva tangu mwaka 1892, aliona wanafunzi wake wakizijua noti kwa macho na vidole huku miili yao haina mdundo, akawaondoa vitini wakatembea, wakasimama na kubadilisha mwendo kwa kufuata piano. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hilo. Tazama goma: wanaume wamepanga mstari kwa kanzu na bakora, mwendo ni wa taratibu, na uzuri wake wote umo katika kujizuia.

Ngoma ya mkono, si ya simu

Najua simu na spika ni rahisi, lakini kwa umri huu pigo la mtu aliye mbele yao lina kazi ambayo mashine haiwezi. Mwaka 2009 watafiti Sebastian Kirschner na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walitoa utafiti kuhusu watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Watoto hao walipiga ngoma pamoja na mtu, na pia pamoja na mashine, na walioanisha mapigo yao vyema zaidi walipopiga pamoja na mtu. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa watoto wa miaka 4 waliocheza na kuimba pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko wale waliocheza mchezo usio na muziki. Mwalimu anayepiga kwa mkono anaweza pia kumfuata mtoto, na mwanzoni ndivyo inavyotakiwa. Mwendo wa asili wa mtoto mdogo ni wa haraka kuliko wetu, hivyo mwache atembee, uutazame mguu wake, nawe upige pale unapokanyaga. Akishajiona ndani ya pigo ndipo umvute polepole kwenda kwenye mwendo wa taratibu, ambao kwake ni mgumu zaidi.

Ngozi ya ngoma hulegea siku za unyevu, basi ianike juani kidogo kabla ya kipindi. Ukikosa ngoma, dibe linatosha, nalo kayamba hufaa sana kwa mwendo mwepesi wa vidole vya miguu. Sauti isiwe kubwa kiasi cha kukulazimisha upaze yako.

Mwendo unaomfaa kila umri

Mtoto wa miaka 3 huweza kuruka kwa miguu yote miwili, kutembea kwa ncha za vidole na kusimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi. Wa miaka 4 huanza kurukaruka kwa mguu mmoja, na wa miaka 5 wengi wao hupata ule mruko wa kubadilisha miguu, huu na huu, ambao huwashinda wadogo zao hata ukiwaonyesha mara mia. Usimharakishe yeyote. Maneno “kulia” na “kushoto” bado hayajakaa katika miili yao, na ukiyatumia utawaona wakigeuka kila upande. Mimi hufunga utepe wa leso katika mkono wa kulia wa kila mtoto, nikasema “mkono wenye leso”.

Hatua hazihesabiwi kwa namba bali hupewa sura, na sura ziko tele mbele ya macho yao. Mtoto akiambiwa “piga hatua ya upande” hukwama, lakini mwambie awe kaa aliyeona mtu ufuoni na miguu yake itakwenda upande bila maelezo. Hapo chuchumaa naye, umwonyeshe kwamba kaa hageuzi kifua anakokwenda, kwamba kila mguu hutua bila kelele, na kwamba ngoma ikinyamaza huzama kwenye tundu lake, magoti yakakunjwa na mikono ikafunika kichwa. Punda humfunza kukanyaga kwa uzito na kwa mapigo mawili mawili. Kutupa wavu humfunza kuzungusha kiuno na kuachia mikono. Kutweka tanga humfunza kuvuta kwa pamoja, na darasa zima likivuta kamba isiyokuwepo utasikia pumzi zao zinalingana.

Mwili wa umri huu usilazimishwe. Usimkandamize mtoto apasue miguu, usimpinde mgongo, usimvute mkono kumweka sawa. Mruko juu ya saruji uwe wa muda mfupi na atue kwa magoti yaliyokunjika kidogo. Maji ya kunywa yawe karibu, nao wanywe kabla hawajalalamika kiu. Nguo iwe kaptura, au gauni lisilopita goti na suruali ndani yake, kwa sababu kanzu ndefu huwanasa.

Kutoka katika ngoma za nyumbani

Baada ya wiki sita hivi watoto huwa tayari kuonja kipande cha ngoma ya wakubwa. Kutoka katika goma chukua mstari, kuyumba taratibu kulia na kushoto, na kusimama; bakora iwe gazeti lililoviringishwa, kwa kuwa fimbo mkononi mwa mtoto wa miaka 4 huishia jichoni kwa mwenzake. Kirumbizi, ambamo wakubwa wawili huingia uwanjani na kukabiliana kwa fimbo huku zumari likilia, ukifanye kwa viganja vitupu: watoto wawili wanazungukana, wanagusana viganja kwenye pigo, wanaachana, na mduara unawapigia makofi. Kutoka katika lelemama, ngoma ya wanawake, chukua mwendo wa mikono, kwa maana ni ngoma ya utulivu, nayo huwafaa hasa watoto wenye haya. Ukiwa Malindi, mwalike mzee wa Kigiriama apige kayamba, na watoto wajaribu kutikisa mabega huku miguu ikibaki chini. Ni zoezi gumu la kutenga kiungo kimoja na kingine, na wao hulipokea kwa kicheko.

Ziko ngoma ambazo sizileti darasani. Chakacha ni ya wanawake arusini, ina mahali pake na umri wake, na mtoto atakutana nayo hapo. Kifudu ya Wamijikenda ni ya msiba, na haiwi mchezo wa asubuhi. Ukiwa na shaka juu ya ngoma yoyote, waulize wenyewe wenye ngoma kabla hujachukua hata hatua moja.

Mtoto asiyeingia mduarani

Katika kila kundi yupo anayekaa ukutani. Mwache akae, lakini mpe kazi: ashike kayamba, au awe mtu wa kutuambia nani aliyesimama vizuri. Wengi wao huwa wanajifunza kwa macho, na siku moja utamkuta amesimama kati ya wenzake akijua kila kitu. Anayelia siku za mwanzo akae na msaidizi karibu na ngoma, kwani mngurumo wa karibu humtuliza kuliko maneno. Mtoto asiyesikia mwalike aweke kiganja ubavuni mwa ngoma. Atalipata pigo kupitia mti, na ukimya pia. Anayetumia kiti cha magurudumu husimama pamoja na wote kwa kushika gurudumu, na mnazi wake huota kuanzia kiunoni.

Kuhusu onyesho nina jambo la kukiri. Miaka ya mwanzo niliwaandaa watoto kwa sherehe ya kufunga mwaka, nikawapanga mistari mitatu na kuwahesabia moja mbili tatu kwa wiki tatu mfululizo, nikiwanyima michezo yote. Siku ilipofika waliona bahari ya nyuso, wakaganda. Mmoja alijikojolea, na mwingine alinitazama akiwa anatafuta mikono yangu mpaka wimbo ukaisha. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo huwaalika wazazi kwenye kipindi cha kawaida, wanakaa mkekani pembeni, kisha katika dakika kumi za mwisho wanaingia mduarani na kusimamishwa na watoto wao.

Kufunga kipindi

Panga dakika zako hivi: chache za makofi mkiwa mmeketi, mchezo wa kusimama, sura mbili za mwendo na si zaidi, kipande cha ngoma ikiwa wamekifikia, kisha kulala. Rudia mpango huo huo kwa wiki tatu au nne ukibadilisha jambo moja tu kila mara, maana kinachokuchosha wewe ndicho kwanza kinaanza kuwakaa wao.

Wakilala chali mkekani, piga kwa ncha za vidole, kila pigo likiwa dogo kuliko lililotangulia, na uwaambie wanyanyue kidole pale watakapoacha kusikia. Vidole havinyanyuki kwa pamoja. Yupo atakayekuwa bado anasikia baada yako. Mngoje huyo. Baadaye wape pigo moja kila mmoja, kwa jina lake, na mwenye pigo huinuka, huvaa viatu vyake na kwenda kwa aliyekuja kumchukua. Andika majina ya waliosimama kwa wakati leo na ambao bado, kwa kuwa hao ambao bado ndio utakaoanza kuwakabidhi ngoma wiki ijayo.